Bima ya kwanza ya pikipiki: mwongozo kwa mwenye leseni mpya

Leseni yangu ilikuwa na wiki tatu, bima ilikuwa na siku sita. Trafiki alinisimamisha Kihonda, Morogoro, asubuhi ile ya watu kuwahi kazini. Nikatoa leseni, nikafungua simu nimwoneshe ujumbe wa bima. Hata hakuutazama. Alichukua simu yake, akaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akasubiri kidogo, kisha akanigeuzia kioo.

"Kijana, pikipiki hii haina bima."

"Afande, nimelipa Jumatatu. Risiti hii hapa."

"Risiti naiona. Bima siioni."

Tulipokuja kuchungulia vizuri ujumbe wangu, wakala alikuwa ameandika B mahali pa D kwenye herufi za mwisho za namba. Hela yangu ilikuwa imekwenda, stika ilikuwa imetoka, ila nilikuwa nimeikatia bima pikipiki ya mtu nisiyemjua, kama ipo. Afande alikuwa mwungwana, aliniachia nikarekebishe. Kwa wakala kazi ile ilichukua dakika kumi, bila malipo. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza: ningekuwa nimemgonga mtu Jumanne, ingekuwaje?

Ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia sana bei. Kwa hapa Tanzania, anayeanza kuendesha jana na aliyeendesha miaka ishirini hulipa kiasi kilekile kwa bima ndogo, ile ya lazima ya kumlipa mtu mwingine utakayemuumiza, yaani mtu wa tatu. Ugeni wako haupandishi bei. Unakuja kukudhuru kwingine, kwenye maneno ya hati. Siku ya kuuziwa bima, mara nyingi hakuna atakayeomba kuona leseni yako. Siku ya kudai, leseni ndiyo swali la kwanza.

Anza na leseni, si na bima

Itoe leseni uisome madaraja. Wengi tunajua tu kwamba "tuna leseni ya pikipiki", lakini pikipiki zina madaraja zaidi ya moja. Daraja A ni la pikipiki yenye injini inayozidi cc 125. A1 ni la pikipiki ndogo, zilizo chini ya cc 125. A2 ni la vyombo vya matairi matatu au manne, A3 ni la vipikipiki visivyozidi cc 50.

Sasa tazama kilicho barabarani. Boxer 150, ambayo kila kijiwe kinayo, ina injini ya karibu cc 145. Hiyo ni daraja A. TVS HLX 125 ina cc 124 na ushee, kwa hiyo inaingia A1. Ukiwa na A1 mkononi na Boxer 150 chini yako, trafiki anaweza asigundue miaka miwili. Mkaguzi wa kampuni ya bima atagundua siku ya kwanza, kwa sababu karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya aina ile ya chombo. Kama daraja halijakaa sawa, lishughulikie TRA (mamlaka ya mapato) na polisi kwanza kabla hujatoa shilingi kwa wakala.

Na wewe ambaye bado una leseni ya kujifunza, ile ya miezi mitatu? Unaweza kukata bima ya pikipiki yako, maana bima hufuata chombo. Lakini mwulize wakala waziwazi, tena kwa maandishi: "Anayejifunza akiendesha, hati hii inamkubali?" Kampuni nyingine hukubali ukiwa na leseni hiyo hai na umeweka alama ya L, nyingine hazitaki kusikia. Usibebe abiria katika kipindi hicho, hata rafiki wa kumsogeza mita mia. Na kama unajifunzia pikipiki ya chuo cha udereva, bima ni ya chuo na inaishia kwenye pikipiki ya chuo. Ile ya shemeji unayofanyia mazoezi jioni uwanjani ni habari nyingine.

Unaitumia kwa kazi gani hasa?

Hapa ndipo hela nyingi za watu zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Hati ya bima ina mstari wa matumizi. Pikipiki binafsi ni ya kwenda kazini, shambani, sokoni, kanisani, msikitini. Ukibeba mtu akakulipa, hata 500, umetoka kwenye matumizi binafsi. Ukipeleka chakula au vifurushi vya wateja kwa malipo, umetoka pia. Rangi ya kibao cha namba inasaidia kuonesha: kibao cha njano ni chombo binafsi, cheupe ni cha biashara. Wapo wanaonunua pikipiki ya kibao cha njano, wanakata bima binafsi kwa sababu ni nafuu kidogo, halafu jioni wanapiga bodaboda "ya kupata hela ya mafuta". Safari hizo za jioni hazina bima, ingawa stika inasoma vizuri kabisa kwenye mfumo.

Kwa nini kampuni zinajali? Kwa sababu ya abiria. Bima ndogo ya pikipiki binafsi kwa kawaida haimhesabu mtu aliyepanda nyuma yako kuwa ni mtu wa tatu wa kulipwa. Bima ya pikipiki ya abiria humhesabu, na ndiyo maana ada yake huwa juu zaidi. Inamhesabu abiria mmoja, aliyeandikwa kwenye nafasi ya viti. Ukipiga mshikaki wa watu watatu, hao wa ziada hawamo, na kampuni inaweza kuutumia huo mshikaki kama sababu ya kukubana na wewe.

Basi mwambie wakala ukweli. Ukisema "biashara", atakuuliza pia kuhusu leseni ya kusafirisha abiria ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Bima na leseni ya LATRA ni vitu viwili, kimoja hakibadilishi kingine, ingawa trafiki huvitaka vyote.

Bima ndogo, bima kubwa, na katikati

Sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inakulazimisha kitu kimoja tu: uwe na bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemuumiza au kumuua barabarani. Ndiyo bima ya mtu wa tatu, mtaani tunaiita bima ndogo. Hati nyingi za bima ndogo huongeza na mali za watu, mfano kioo cha Noah ulichokivunja au ukuta wa duka, hadi kiwango fulani. Ulizia kiwango hicho ni shilingi ngapi.

Isichofanya: haikulipi wewe. Ukianguka peke yako kwenye kokoto ukavunja mkono na taa ya mbele, bima ndogo haina la kusema. Siyo mkono, siyo taa. Nimekutana na madereva waliokaa na stika miaka minne wakiamini wakiumia watatibiwa kwayo.

Bima kubwa hubeba na pikipiki yako: ajali, moto, wizi. Katikati kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize. Kwa mwenye pikipiki mpya ya kulipia taratibu nadhani hiyo ya katikati inastahili kuulizwa, kwa sababu pikipiki huibiwa kirahisi kuliko gari: vijana wawili wanaibeba mzobemzobe usiku na asubuhi umebaki na ufunguo.

Ila soma maneno ya wizi kwa jicho kali. Kampuni nyingi hulipa wizi wa kuvunja au kunyang'anywa kwa nguvu. Hazilipi pale ulipompa mtu pikipiki kwa hiari yako naye akayeyuka nayo. Umemwachia deiwaka, dereva wa kukushikia, kwa siku mbili, hajarudi, simu haipatikani: kwako wewe huo ni wizi, kwenye mkataba ni kuaminiana kulikoharibika. Vilevile ukiacha ufunguo kwenye swichi ukaingia dukani kununua vocha.

Kama utachukua bima kubwa, thamani ya pikipiki itaje kama ilivyo sokoni leo. Tuseme ni ya 2,800,000 lakini wewe umeandika 1,400,000 ili ada ipungue. Ikiharibika kwa matengenezo ya 600,000, kampuni inaweza kusema umekata bima ya nusu, hivyo inalipa nusu: 300,000. Kinyume chake hakikusaidii pia. Ukiandika 4,000,000 hutalipwa 4,000,000, utalipwa thamani halisi, na ada ya ziada umeitoa sadaka.

Mkono na mguu wako una dawa mbili: bima ya afya, na kipengele cha ajali binafsi ambacho kampuni nyingi huongeza juu ya bima ya pikipiki kwa nyongeza ya ada. Mgeni barabarani huanguka. Mimi nilianguka mara mbili katika miezi mitatu ya kwanza, mara zote nikiwa peke yangu na mara zote kwa kushika breki ya mbele kwenye mchanga.

Swali ambalo wenye leseni mpya hawaulizi

Kwenye bima kubwa kuna kiasi ambacho unabeba mwenyewe kwanza kabla kampuni haijaanza kulipa. Kila dereva anacho. Lakini kampuni nyingi huweka kiasi cha nyongeza kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni changa, mara nyingi ile isiyofikisha mwaka mmoja au miwili. Hakiandikwi kwenye tangazo. Kimo ndani, kwenye jedwali la mkataba, kwa maandishi madogo ya Kiingereza.

Uliza hivi: "Leseni yangu imetoka mwezi huu. Nikipata ajali kesho, nitabeba kiasi gani mwenyewe?" Kama wakala anasitasita, mwombe apige simu ofisini ukiwa umekaa hapo hapo. Jibu likiwa kubwa kuliko gharama ya matengenezo ya kawaida ya pikipiki, bima kubwa mwaka huu wa kwanza itakusaidia tu pikipiki ikiibiwa au ikiharibika kabisa. Hapo unaweza kuamua kwamba bima ndogo pamoja na moto na wizi inatosha, mpaka leseni ikomae.

Usidanganye tarehe ya leseni. Imeandikwa kwenye leseni, na leseni utaitoa nakala siku ya madai.

Kama kadi si ya jina lako

Leseni mpya nyingi huanzia kwenye pikipiki ya tajiri, yaani mwenye chombo. Unaendesha kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba wa miezi kadhaa kisha pikipiki iwe yako. Kadi ya usajili ina jina lake. Bima iwe ya jina gani?

Iwe ya jina la mwenye kadi, na hati imruhusu anayeendesha kwa idhini yake. Wewe ukikata bima kwa jina lako juu ya kadi ya mwingine, siku ya madai ya wizi utaulizwa mali yako ni ipi hapo. Mkataba wenu na tajiri, hata wa karatasi moja ya mkono, uandike nani analipa ada ya bima na fidia ikitoka inakwenda kwa nani. Nimeona kijana amelipa miezi kumi kati ya kumi na miwili, pikipiki ikaibiwa, fidia yote ikaenda kwa mwenye kadi. Walikuja kuelewana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, lakini nusu tu.

Kabla hujawasha injini siku ya kwanza, omba nakala ya bima uihakiki mwenyewe. "Bima ipo, usijali" siyo bima.

Na kama umenunua mkononi: bima ya aliyekuuzia haihami pamoja na pikipiki kwa sababu tu mmepeana mikono. Badilisha umiliki TRA, kisha nenda kwenye kampuni wabadilishe jina, au kata mpya.

Namba, herufi moja moja

Utahitaji kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, kadi ya pikipiki, leseni, na namba ya simu unayoitumia kweli, kwa sababu stika ya siku hizi ni ya kielektroniki na taarifa zake zinakuja kwenye simu. Kwa bima kubwa watataka pia kuiona pikipiki na kuipiga picha.

Usitegemee kadi peke yake. Nenda kwenye pikipiki na kitambaa. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Futa vumbi na grisi, piga picha. Ina tarakimu na herufi 17. Boxer na nyingine za Bajaj kutoka India huanza na MD2, TVS huanza na MD6, za China huanza na L. Na jambo dogo lenye faida kubwa: herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizo 17. Ukiona wakala ameandika O, amekosea, hiyo ni sifuri. Ukiona I, ni moja. Namba ya injini iko kwenye injini yenyewe, ubavuni. Ilinganishe na kadi pia. Zisipolingana, usikate bima, rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na maswali.

Siku ya kuandikishwa mimi sasa hufanya hivi, na sioni haya. Nakaa upande wa wakala, siyo mbele yake. Anapoandika, naisoma kwa sauti: "M, C, nne, saba..." herufi kwa herufi, D naisema "D ya dada", B "B ya baba". Kisha kabla hajabonyeza kumaliza, namwomba anioneshe mistari mitano: jina, namba ya usajili, chasisi, matumizi, na tarehe za kuanza na kuisha. Anaweza kununa. Anune.

Kulipa na kuhakiki

Unaweza kukata bima kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, mfano NIC ya serikali au kampuni binafsi, kwa wakala au dalali aliyesajiliwa, kwenye benki, au kwa simu. Popote, bima ndogo haitofautiani sana kwa bei, kwa kuwa TIRA huweka viwango vya chini. Mimi nililipa 50,000 ya ada na VAT ya 18% juu yake, yaani 9,000, jumla 59,000. Mtu akikuambia ana ya 25,000 "ya mwaka mzima, dili la ndani", anakuuzia picha.

Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni au benki, siyo kwenye simu binafsi ya wakala. Bima yetu haina mkopo: ada isipoingia, ulinzi haujaanza, hata kama una karatasi yenye muhuri mkononi. Kwa hiyo "nitamalizia Ijumaa" maana yake bima itaanza Ijumaa.

Ukishalipa, usiondoke. Fungua mfumo wa uhakiki wa TIRA, tiramis.tira.go.tz, ingiza namba ya usajili au namba ya stika. Soma yanayotokea: je, ni pikipiki yako, kampuni ileile, tarehe zilezile, aina ileile ya bima? Kama haionekani baada ya saa moja, rudi. Piga picha ya kioo. Huo ndio ukaguzi ambao trafiki ataufanya, ni afadhali uutangulie. Mimi ningeufanya siku ile, B na D ningezikuta mezani kwa wakala badala ya Kihonda.

Utawasikia watu kijiweni wanasema faini ni nafuu kuliko bima, kwa sababu tangu bajeti ya 2021/22 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Hesabu hiyo inasahau mguu wa mtoto wa mtu. Mahakama ikikuamuru umlipe aliyeumia mamilioni, hakuna bima, kinachouzwa ni kiwanja cha mama yako.

Kama una safari za mpakani, mfano unavuka Namanga kwenda Kenya au Rusumo kwenda Rwanda, bima hii inaishia mpakani. Mwulize wakala kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya mtu wa tatu ya kuvukia mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 (ule umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, hivyo kadi hiyo inatolewa hapa.

Siku ikitokea

Simama. Zima injini, msaidie aliyeumia, piga simu polisi. Majeruhi atahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kutoka kituoni, na usipoteze nakala yoyote utakayopewa. Kama hali ni shwari na watu hawajapandwa hasira, piga picha: pikipiki zilipolalia, alama za breki, vibao vya namba, barabara kwa pande zote mbili. Kama wamepandwa hasira, nenda kituo cha karibu ukajisalimishe. Picha zitapigwa na wengine.

Kisha yatakuja maneno ya kumalizana. Wenzako wa kijiwe watachanga, ndugu wa aliyegongwa watataja kiasi, mzee mmoja atashauri mwandikishane. Roho nzuri kabisa. Lakini karibu kila mkataba wa bima unakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijajua. Ukisaini pale kwamba "nimekosa na nitalipa 800,000", kampuni inaweza kukuachia deni hilo mwenyewe. Gharama ya kumkimbiza hospitali toa, huo ni ubinadamu wala si kukiri, ila weka risiti. Hayo mengine sema: "Nina bima, kesho naripoti, nitawaletea mawasiliano yao."

Ripoti kwa kampuni siku hiyohiyo au kesho yake, kwa simu kisha kwa maandishi. Muda wa mwisho umeandikwa kwenye mkataba na si mrefu. Watataka fomu ya madai, leseni yako, kadi, na karatasi za polisi: ripoti ya ajali, mchoro wa ajali, na ripoti ya ukaguzi wa chombo. Usipeleke pikipiki kwa fundi kabla hawajaikagua.

Kwenye fomu ya madai andika ulichokiona, siyo ulichoambiwa uandike. "Leseni imetolewa lini" jaza tarehe ya kweli. "Nani alikuwa anaendesha" jaza aliyekuwa anaendesha, hata kama ni mdogo wako asiye na leseni. Najua hapo moyo utasita. Lakini sheria kwa kiasi kikubwa imemkinga aliyeumia dhidi ya masharti ya ndani ya mkataba wako; kampuni inaweza kumlipa yeye kisha ikarudi kukudai wewe. Ukiongeza na uongo juu yake, unahama kutoka kwenye deni kwenda kwenye jinai.

Madai yakikwama bila maelezo, andikia kampuni barua, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Isipojibu, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama sisi. Nenda na hati ya bima, risiti, karatasi za polisi na zile barua. Anayekwenda na maneno matupu hurudishwa akatafute karatasi.

Mwaka ukiisha

Bima ya siku 365 haina siku za huruma. Ikianza tarehe 14 Machi, inakufa usiku wa tarehe 13 Machi, na tarehe 14 asubuhi uko uchi. Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla, siyo siku moja kabla, maana siku ile mtandao utakuwa chini au hela itakuwa imekwenda kwenye ada ya shule.

Kama ulikuwa na bima kubwa na hukudai chochote, omba punguzo la kutodai, na ukihama kampuni omba barua ya kuthibitisha hivyo. Sasa leseni yako ina mwaka: rudia lile swali la kiasi cha nyongeza kwa leseni changa, huenda kimeshakuondokea. Na ukikaa kwa wakala kurudia kuandikishwa, hata kama ni yuleyule wa mwaka jana na taarifa zako anazo, zisome tena. D ya dada.